Kipimo changu cha soko la Kampala kilipiga mwaka mzima wa 2024, mwaka huu kimegoma. Nimekosea wapi?

Mhasibu_Jinja:

Salamu wakubwa kwa wadogo. Mi nakaa Jinja, nafanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na miaka kama mitatu sasa nanunua hisa kidogo kidogo kila nikibakiza kitu. Kuna jambo limeninyima usingizi, naomba mnivumilie maana ni refu.

Mwishoni mwa 2024 nilikaa na laptopu nikaunda indiketa yangu mwenyewe, yaani kipimo cha kukisia bei itaelekea wapi, kwenye Excel. Zile za kawaida nilishajaribu. RSI ya siku 14 nikaiweka kwenye kampuni moja ya hapa kwetu, ikanijazia #DIV/0! safu nzima, na MACD, ile ya tofauti ya wastani mbili za bei, nayo ikawa mstari umelala tu. Basi nikasema niunde ya kwangu inayofaa soko letu, nikaipa jina Kipimajoto.

Kinafanya kazi hivi. Kila Ijumaa jioni ripoti ya soko ikitoka naangalia mambo manne. Indeksi kuu ya soko, ALSI, ikiwa juu ya wastani wake wa siku 7 naweka alama moja, ikiwa chini natoa moja. Halafu nahesabu kampuni zilizopanda wiki hiyo na zilizoshuka, zilizopanda zikizidi naongeza moja, zikipungua natoa. Halafu thamani ya hisa zilizouzwa, nailinganisha na wastani wa wiki 8. Mwisho naangalia Nairobi wiki hiyo soko lilielekea wapi. Jumla ikiwa 2 au zaidi nasema wiki ijayo ALSI itapanda, ikiwa hasi 2 au chini zaidi nasema itashuka, ikiwa sifuri nanyamaza.

Nikairudisha nyuma kwenye wiki 52 za 2024. Ishara 31, zilizopiga 21. Hiyo ni karibu asilimia 68 jamani! Nilifurahi hadi nikamwamsha mke wangu.

Januari 2025 nikaanza kukifuata kwa pesa halisi, milioni mbili na nusu. Hadi wiki hii kimetoa ishara 14, zilizopiga ni 6. Nimeingia na kutoka mara tatu kwenye kampuni ileile moja ya hapa, na sasa akaunti inasoma milioni mbili na laki moja na kidogo, ilhali bei yenyewe ukiangalia haikushuka sana.

Swali langu: niongeze kitu cha tano, labda dola, au nibadilishe zile siku 7, au vipimo vya kujiundia nyumbani haviwezi kazi hii kabisa? Naombeni ukweli, sitakasirika.

Kijana_Ntinda:

Kaka hongera kwa kazi, wengi hapa wanafuata tu maneno ya kwenye magrupu ya WhatsApp. Mi ningesema weka Bollinger, ile ya siku 20 na mistari miwili ya pembeni, ikigusa chini unanunua ikigusa juu unauza. Na hizo siku 7 jaribu 5, jaribu 9, jaribu 12, uone ipi inapiga zaidi.

Reti_Busia:

Mzee wa Jinja mi sio mtu wa indiketa, nabadilisha pesa hapa mpakani Busia mwaka wa kumi na moja huu, lakini nilivyosoma hiyo 2024 yako nikashtuka maana naijua hiyo hadithi kwa upande mwingine.

Hiyo ALSI yako ndani yake kuna nani? Kuna Equity, KCB, East African Breweries, Jubilee, Nation Media, Kenya Airways, Centum. Hizo zote ni za Nairobi zimeorodheshwa na Kampala pia. Watu wanazinunua na kuziuza kule, huku kwetu bei inafuata tu ya kule ikigeuzwa kwa shilingi yetu. Sasa kumbuka mwanzo wa 2024 kilitokea nini. Januari dola moja Nairobi ilikuwa imepita 160. Februari serikali yao ikakopa upya dola bilioni moja na nusu ili ianze kulipa lile deni la Eurobond lililokuwa linaiva Juni, watu waliokuwa wamekalia dola wakaogopa wakaanza kuzimwaga, na mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131.

Hapa mezani kwangu shilingi moja ya Kenya ilitoka chini ya 25 za kwetu ikafika 29. Nakumbuka vizuri maana kulikuwa na asubuhi naandika reti kwa chaki kwenye kibao, saa nne nafuta, saa sita nafuta tena, na mama mmoja wa mahindi aliyekuwa ameshika shilingi za Kenya wiki nzima akaniambia leo Mungu amenikumbuka.

Fanya hesabu. Chukua hisa yoyote ya Nairobi, tuseme bei 20 ya kule. Ukizidisha kwa 24 ni 480. Ukizidisha kwa 29 ni 580. Imepanda karibu asilimia 21 na hakuna mtu hata mmoja aliyenunua! Kipimajoto chako kilikuwa kinapima kibao changu cha chaki.

Na tangu katikati ya mwaka ule dola Nairobi imesimama karibu 129, haitoki hapo. Kibao kimetulia, kipimo nacho kimekosa cha kupima. Mi naona ndo maana.

Mwalimu_Arua:

Nimesoma post hii Alhamisi usiku na sikuiacha. Nafundisha hisabati sekondari. Ndugu yetu wa Busia amegusa mfupa kabisa na mimi naongeza mawili.

La kwanza ni la zile #DIV/0!. RSI ya Wilder, ya mwaka 1978, inachukua wastani wa siku za kupanda inagawanya kwa wastani wa siku za kushuka. Ilizaliwa kwenye masoko ambayo bei inacheza kila siku. Sasa kampuni yako imefunga 120, 120, 120, 120, siku 14 mfululizo, kupanda ni sifuri na kushuka ni sifuri, unaigawanya sifuri kwa sifuri, Excel inakwambia ukweli: hakuna kitu hapa cha kupima. Usiifunike na IFERROR, ile fomula ya kuficha makosa. Hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko zote kwenye ile shiti yako, kwamba bei imelala. Na bei iliyolala haina maana kwamba thamani imetulia, ina maana hakuna muuzaji na mnunuzi waliokutana. Siku wakikutana bei itaruka mara moja kutoka 120 hadi 131, na indeksi itaonekana imepanda leo kwa habari iliyotokea wiki iliyopita. Ukiwa na kampuni kadhaa za namna hiyo kwenye indeksi moja, indeksi inaonekana kama ina mwendo, leo inafuata jana, na kipimo chochote cha kufuata mwendo kitapata sifa. Lakini huwezi kununua ile bei ya jana. Haiko.

La pili ni swali. Zile siku 7 na wiki 8 ulizipataje? Ulikaa ukafikiri ukaandika 7, au ulijaribu nyingi ukachagua? Jibu kwa uaminifu maana kila kitu kinasimama hapo.

Mhasibu_Jinja:

Mwalimu nilijaribu nyingi. Siku 3 hadi 20 upande mmoja, wiki 2 hadi 12 upande wa pili, sikujaribu zote zote ila zinafika kama 40. Nikachukua iliyopiga zaidi. Nilidhani ndo inavyofanywa.

Mwalimu_Arua:

Asante kwa kusema wazi. Nilikisia hivyo, kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikaingia kidato cha tano na mfuko wa sarafu za 500. Wanafunzi 43. Kila mmoja nikamwambia arushe mara 31, upande wa korongo ni umepiga, upande wa ngao ni umekosa, aandike kwenye daftari. Kelele zilikuwa nyingi hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni.

Aliyeongoza alipata 22. Wawili wakapata 21. Wa mwisho alipata 9. Yule wa 22 darasa likampigia makofi, nikamwita mbele nikamwambia arushe tena mara 14 mbele ya wote. Akapata 6.

Nawaapia sikupanga hilo, lakini hata angepata 8 maana ingekuwa ileile. Sarafu ikirushwa mara 31 unatarajia 15 au 16, na ni kawaida icheze 3 juu au 3 chini. Kufika 21 kwa mtu mmoja ni nadra, lakini kwenye watu 40 utapata mmoja au wawili wamefika hapo bila kujua chochote. Wewe ulikuwa na vipimo 40. Ukamchukua aliyeongoza darasa ukampa milioni mbili na nusu.

Kijana wa Ntinda usinielewe vibaya, lakini ushauri wako wa kujaribu 5, 9, 12 ndo unaongeza wanafunzi darasani. Kila namba mpya ni sarafu mpya.

Dawa yake si ngumu ila inauma. Gawa data yako mara mbili kabla hujaanza. Chagua namba zako kwenye nusu ya kwanza, unavyotaka, jaribu hata mia. Halafu chukua ile moja tu uende nayo nusu ya pili mara moja, basi. Ikishindwa huruhusiwi kurudi kurekebisha na kuipeleka tena kwenye nusu ileile, maana ukirudi mara kumi hiyo nusu ya pili nayo imekuwa ya mazoezi. Na kabla ya kuona matokeo andika kwenye karatasi, kwa kalamu, ni asilimia ngapi itakufanya uamini.

Mama_Bugolobi:

Wanangu mmeongea vizuri. Mimi niko kwenye hisa tangu benki ya Stanbic ilipoingia sokoni 2007, nilinunua kwa shilingi 70, nikanunua kampuni ya Umeme 2012 kwa 275, nikanunua MTN 2021 kwa 200. Nimekuwa nikiandika daftari miaka yote hiyo kwa hiyo ngoja niseme la kwangu.

Mwanangu wa Jinja, hebu tuache kipimo kwanza. Umesema milioni mbili na nusu, umeingia na kutoka mara tatu. Broka wangu mimi ukijumlisha na ada za soko inakaribia asilimia 2 nikinunua na karibu 2 nikiuza, ya kwako muulize lakini haitakuwa mbali. Asilimia 2 ya milioni mbili na nusu ni elfu hamsini. Kuingia hamsini, kutoka hamsini, laki moja kwa safari. Safari tatu ni laki tatu. Kwa ulivyosema pesa imepungua kama laki tatu na elfu themanini hivi. Kwa hiyo laki tatu si soko limekunyang'anya, ni nauli.

Sasa niambie kampuni unayonunua kwa wiki moja inasogea kiasi gani? Kama haisogei zaidi ya asilimia 4 kwa wiki basi hata kipimo kipige 31 kwa 31 bado utapata hasara. Hilo ndilo la kuuliza kabla ya kuuliza siku 7 au siku 9.

Na msiseme vipimo vya nyumbani havifai kabisa. Mimi ninacho changu na kimenisaidia, ila hakitazami bei. Kila Jumatatu na Alhamisi nampigia broka namuuliza kampuni mbili tatu ninazozifuata, kuna hisa ngapi zimepangwa kuuzwa na kwa bei gani, kuna ngapi zinatafutwa na kwa bei gani. Naandika. Kwa mfano nitakuta wanaouza wamepanga laki nane, wanaotaka kununua elfu thelathini. Bei kwenye ripoti imesimama palepale wiki tatu na mtu wa chati atasema soko limetulia. Mimi najua kuna mtu mkubwa anataka kutoka na hana mlango. Sinunui kwa bei ya ripoti, naweka oda yangu chini nasubiri, na mara nyingi inanifikia.

Kinyume chake pia. Wanaouza wakiisha, unakuta elfu tano zimebaki na wanaotafuta wamejipanga, hapo ukichelewa siku mbili utanunua juu.

Kitu cha pili kwenye daftari ni tarehe za gawio. Kampuni ikitangaza gawio na siku ya kufunga daftari la wanahisa, watu wanaingia kabla, na siku ikishapita bei inalegea maana anayenunua baada hapati. Wewe ukiona kipimo kinasema "inapanda inapanda" angalia kama si hiyo. Na gawio lenyewe mtu binafsi anakatwa asilimia 10 ya kodi kwa kampuni zilizo sokoni, kwa hiyo usihesabu lote.

La tatu, kulikuwa na kampuni ambayo bei yake haikuwa mikononi mwa wanunuzi kabisa. Umeme. Mkataba wao wa kusambaza stima uliisha 31 Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, wakachukua kazi hiyo, na bei ya hisa miezi yote ile ilikuwa inategemea serikali italipa kiasi gani. Serikali ikalipa dola milioni 118, Umeme wakasema wanadai zaidi ya hapo sana. Wastani wa siku 7 utajuaje mambo ya namna hiyo? Nilikuwa nasoma magazeti, chati sikuifungua.

Kijana_Ntinda:

Mama shikamoo. Na Mwalimu nimekuelewa, kweli nilikosea, nilijifunza hivyo hivyo kwenye video.

Niongeze kidogo upande wa Marekani, maana najua kuna watu hapa watasema basi tuhamie huko kwenye soko linalosogea kila sekunde. Mi naandika programu kazini na jioni nacheza na data za New York, zinapatikana bure. Na ukweli ni kwamba indiketa nyingi kubwa zilianza kama hivi vya kwetu, mtu na karatasi yake. Sherman na Marian McClellan, mume na mke, mwaka 1969 walichukua hisa zilizopanda wakatoa zilizoshuka, wakaweka wastani wa siku 19 na wa siku 39, wakaangalia tofauti. Richard Arms naye 1967 akachukua uwiano wa zilizopanda kwa zilizoshuka akagawanya kwa uwiano wa volyumu zao, yaani idadi ya hisa zilizouzwa, ikizidi moja ina maana pesa nyingi inaenda kwenye zinazoshuka. Kule inawezekana kwa sababu kuna maelfu ya kampuni. Sisi kampuni zote sokoni hazifiki 20, siku nyingine hakuna iliyoshuka hata moja, unagawanya kwa sifuri tena.

Mi niliunda ya kwangu ya namna hiyo nikaijaribu kwenye S&P 500, indeksi ya kampuni kubwa 500 za Marekani, nikapata inapiga siku 54 kwenye 100. Nikaruka ruka. Halafu nikagundua ile indeksi yenyewe kwa miaka mingi inapanda siku kama 53 kwenye 100, yaani mtu anayesema "kesho inapanda" kila siku bila kufungua macho anapata 53. Kazi yangu yote ya miezi minne ilikuwa imenunua pointi moja, na hiyo moja nikiipima kwa njia ya Mwalimu haisimami.

Lakini kuna kitu kimoja kilisimama, na nilikipeleka kwenye miaka ambayo sikuwahi kuigusa kikasimama tena. Upande soko litakapoenda sikuweza kuujua. Ukubwa wa mwendo niliweza. Siku za msukosuko zinafuatana na siku za msukosuko, siku za utulivu zinafuatana na za utulivu. Wiki ikiwa soko limeyumba sana, wiki inayofuata uwezekano ni mkubwa litayumba tena, juu au chini sijui. Hiyo sasa naitumia, nikiona kutikisika kumezidi napunguza kiasi ninachoweka kwa nusu. Sijatajirika, ila sijawahi tena kupoteza mshahara wa mwezi kwa wiki moja kama 2022.

Kwa hiyo kaka wa Jinja, labda kipimo chako kiulizwe swali lingine.

Reti_Busia:

Hiyo ya msukosuko kufuatana hata hapa mpakani ni kweli kabisa. Reti ikishaanza kucheza asubuhi mi sinunui nyingi hadi jioni, sijui itaenda wapi ila najua haijamaliza.

Mhasibu_Jinja:

Nimerudi. Nilichukua siku nne nikakaa na shiti upya, na nimefanya kila mlichosema.

Kwanza ya Reti. Nilitafuta zile 21 zilizopiga ziko wiki gani. Nane kati yake ziko kati ya wiki ya pili ya Februari na mwisho wa Machi 2024. Nane! Nikazitazama moja moja, kila mahali Nairobi +1, zilizopanda +1 na hizo zilizopanda karibu zote ni za Kenya, ALSI juu ya wastani +1. Mambo yangu manne kumbe mengi yake yalikuwa jambo moja limevaa kanzu tofauti. Nikajifunza kitu hapo ambacho hakuna kitabu kingenifundisha hivyo, nikafuta, nikahesabu upya zile kampuni za Kenya kwa shilingi ya Kenya bila kuzigeuza, nikaacha namba zangu zilezile 7 na 8. Ishara zikapungua zikawa 27, zilizopiga 14.

Halafu ya Mama. Kampuni niliyokuwa naingia na kutoka, kwenye wiki 52 za 2024, wiki 19 ilifunga palepale ilipoanzia. Zile ilizosogea, wastani wa mwendo haukufika hata asilimia 2. Na broka nimemuuliza, ukijumlisha kila kitu kuingia na kutoka ni karibu 4 kama ulivyosema. Yaani kwa wiki moja moja nilikuwa siwezi kushinda hata kama ningekuwa nabii. Hiyo imeniuma kuliko yote kwa sababu mimi ni mhasibu, gharama ndo kazi yangu, na dukani mtu akileta saruji nahesabu hadi pesa ya wapakuaji.

Kuna kosa jingine nimelikuta mwenyewe hamkulitaja. Ripoti inatoka Ijumaa jioni soko limeshafungwa, lakini kwenye shiti nilikuwa nahesabu kana kwamba nilinunua kwa bei ya Ijumaa hiyohiyo. Kweli oda yangu ya kwanza Januari niliiweka Jumatatu, ikajazwa Jumatano, na siku hiyo bei ilikuwa tayari imeshapanda shilingi 3. Nimeongeza safu inayochukua bei ya Jumatano. Zile 14 zikawa 12 kwenye 27.

Kwa hiyo Kipimajoto cha kila wiki nimekifunga. Faili sijalifuta, nimeandika juu yake tarehe na sababu.

Milioni mbili iliyobaki naiacha kwenye kampuni niliyo nayo maana gawio lake limetangazwa na kuuza sasa ni kutoa nauli nyingine. Na nimenunua daftari kubwa la kaunta. Jumatatu nataka kuanza kama Mama. Sasa Mama, naomba unisaidie, nikimpigia broka niulize nini hasa? Nisije nikaonekana nampotezea muda.

Mama_Bugolobi:

Hutampotezea, ni kazi yake. Mpigie asubuhi kabla soko halijachangamka. Mwambie jina la kampuni, uliza bei nzuri zaidi ya wanaonunua na idadi yao, bei nzuri zaidi ya wanaouza na idadi yao, halafu uliza oda iliyofuata nyuma ya hizo kila upande. Uliza pia mara ya mwisho hisa ziliuzwa lini na ngapi. Ni maswali matano, dakika tatu.

Kwenye daftari chora safu sita: tarehe, bei ya kununua, idadi, bei ya kuuza, idadi, siku tangu mauzo ya mwisho. Usiweke alama ya jumla yoyote. Nafasi ya chini acha wazi uandike ulichofikiri siku hiyo kitatokea, kwa maneno yako, na ukirudi baada ya mwezi usifute. Kampuni mbili zinatosha kuanza. Ukishafika kurasa thelathini uje tuangalie pamoja, hapo ndo utakuwa na kitu cha kumpelekea Mwalimu akipime.

Mwalimu_Arua:

Nitaleta sarafu.

Mhasibu_Jinja:

Asanteni sana. Jumatatu saa tatu na nusu napiga simu ya kwanza.